Hiki kidude cha DAC cha hedifoni: kinaongeza kitu kweli? Na mbona kinalia laptopu ikiwa kwenye chaji?

#1 Mwanakaseti
Wakuu, salaam.

Simu yangu mpya haina tundu la hedifoni, kwa hiyo nikanunua kidude kirefu kama kidole gumba, mdomo wa Type-C upande mmoja, tundu la hedifoni upande wa pili. Ndani kuna DAC na amplifaya. Muziki unatoka kwenye simu ukiwa namba tupu, humo DAC inaugeuza kuwa umeme wa sauti, halafu amplifaya inausukuma kwenda kwenye hedifoni. Hapo nimeelewa.

Kazi yake kubwa kwangu ni kaseti za marehemu baba. Miaka ya themanini alikuwa anarekodi muziki wa dansi kutoka redioni, nami nimeshahamishia kaseti 31 kwenye kompyuta. Hedifoni ni Beyerdynamic DT 770 Pro, ile ya omu 250 (kipimo cha ukinzani wake wa umeme), niliuziwa na rafiki aliyefunga studio yake.

Shida ya kwanza: kwenye laptopu sauti inatosha, kwenye simu napandisha mpaka mwisho na bado ni ndogo. Kidude kilekile, hedifoni ileile, faili lilelile. Ya pili: laptopu ikiwa kwenye chaji kuna mlio mwembamba, "ziiii", unapanda na kushuka nikisogeza mausi. Nikichomoa chaji unakatika papo hapo.

Jirani yangu yeye anasema hata bila hayo nimetupa hela, kwamba DAC zote ni sawa. Mnasemaje?

#2 NgoshaMkweli
Jirani yako yuko sahihi. CD ni biti 16 na sampuli (vipimo vya sauti) 44,100 kwa sekunde, inabeba sauti mpaka karibu Hz 22,000, na watu wazima wengi hata Hz 17,000 hatuisikii tena. Kugeuza namba hizo kuwa sauti ni kazi iliyokwisha zoeleka, chipu ya bei ndogo inaifanya vizuri. Kinachobaki ni nguvu ya kusukuma hedifoni, basi.

#3 binti_Mkunazini
Ngosha, mjadala haujafunguliwa wewe unafunga!

Mimi nahariri vipindi vya redio hapa Unguja. Kompyuta ninayotumia, ukichomeka iafoni kwenye tundu lake la kawaida unasikia mchakacho wa chini kwa chini hata kama hakuna kinachopigwa. Nilipoanza kutumia kidude cha nje, mchakacho ukaisha. Sauti ya mtangazaji ni ileile, ila sasa anapovuta pumzi kabla ya sentensi namsikia, na najua pa kukata. Kwa mtu wa kazi yangu hiyo si hela ya kutupwa.

#4 FundiWaya
Tuanze na mlio. Mkuu Mwanakaseti, plagi ya chaji yako ina pini tatu? Kama ni tatu, iangalie ile ya juu. Ikiwa ya plastiki, hiyo kazi yake ni kufungua vizibo vya soketi tu, hakuna waya wa ethi (ardhi) hapo.

Chaji isiyo na ethi huvujisha umeme kidogo sana kupitia kapasita iliyomo ndani yake. Si hitilafu, zimeundwa hivyo. Laptopu ikiwa na bodi ya chuma, pitisha mgongo wa kidole juu yake taratibu wakati inachaji, utahisi kama inakutekenya. Umeme huo unatafuta pa kwenda, na waya wa hedifoni kichwani kwako ni njia mojawapo.

#5 Luthuli254
Hapo #4 nakupinga. Amesema mlio unafuata mausi. Umeme unaovuja kwenye chaji unanguruma kwa Hz 50 na jamaa zake, mzito, na haujui mausi iko wapi. Mlio mwembamba unaofuata mausi ni kelele za prosesa na njia ya USB, zinaingia kwenye kidude kupitia waya uleule unaokipa umeme. Ajaribu tundu la USB la upande wa pili wa laptopu. Kwenye laptopu nyingi matundu ya upande mmoja na mwingine hayafanani kwa usafi wa umeme.

#6 FundiWaya
Sawa, basi nieleze mbona akichomoa chaji unakatika. Prosesa haijazimwa, mausi haijachomolewa.

#7 Luthuli254
Laptopu ikibaki kwenye betri prosesa hushushwa nguvu, kelele nazo zinapungua.

#8 FundiWaya
Zinapungua. Yeye kasema unakatika papo hapo.

#9 KarafuuMbichi
Naomba kuuliza kabla hamjagombana. Ile deki ya kaseti bado imeunganishwa na hiyo laptopu?

#10 Mwanakaseti
Ndiyo mkuu, huwa siichomoi. Deki iko kwenye amplifaya ya sebuleni, na kutoka kwenye amplifaya kuna waya unaoingia kwenye laptopu.

Chaji nimeangalia, pini ya juu ni ya plastiki kweli. Na bodi inatekenya! Miaka yote nilidhani ni mikono yangu.

#11 KarafuuMbichi
Basi jibu lako hilo hapo. Amplifaya ya sebuleni ina ardhi yake, au kupitia waya wa antena au kupitia plagi. Laptopu imetundikwa kwenye chaji. Ukiziunganisha kwa waya wa sauti umefunga duara, na kila kelele iliyomo kwenye laptopu inazunguka humo, za mausi zikiwemo. Ukichomoa chaji duara limekatika. Hapo #4 na #5 wote mmepata nusu.

#12 FundiWaya
Nusu yangu ndiyo kubwa lakini.

#13 mama_Naima
Jamani samahani naingilia uzi. Mimi nilinunua adapta ya Type-C ya kuchomekea iafoni pale Aggrey, Kariakoo. Kwenye simu ya mdogo wangu inafanya kazi, kwenye yangu inaandika haitambuliki. Nimebadilisha mbili. Nimeibiwa?

#14 binti_Mkunazini
Dada, huenda hukuibiwa. Adapta ziko za aina mbili na kwa macho huwezi kuzitofautisha. Moja ni waya tu, haina chipu ndani. Inategemea simu yenyewe igeuze sauti na kuitoa kwenye tundu la chaji, na simu za kufanya hivyo ni chache. Nyingine ina DAC ndani yake. Galaxy na Pixel zisizo na tundu la hedifoni zinataka hii yenye DAC. Ukienda dukani usiulize "ya Type-C", uliza "yenye chipu ya DAC", na ijaribie palepale kwa simu yako mwenyewe kabla hujalipa.

#15 Kibanda_cha_Simu
Naongezea hapo #14. Kwenye OPPO na realme nyingi nenda setingi utafute OTG (ruhusa ya simu kuendesha kitu ulichokichomeka) uiwashe, na isipotumika kwa dakika 10 inajizima yenyewe. Watu wanakuja kwangu na vidude vizima wakisema vimekufa.

Jambo jingine ni waya. Vidude vingine vyenye tundu la Type-C havikuwekewa rizista mbili ndogo za kuiambia simu "mimi ni mgeni, nipe umeme". Ukitumia waya wa Type-C kwa Type-C, kimya. Ukitumia waya wa USB ya zamani na kichwa cha OTG, kinawaka. Kabla hujatupa kitu, badilisha waya.

#16 mama_Naima
Asanteni sana. Jumamosi narudi Aggrey.

#17 Mzee_wa_Omu
Habari ya sauti ndogo mmeiacha. Tatizo ni omu 250. Hedifoni ya omu nyingi inakula wati nyingi, simu haina wati hizo. Anunue ya omu 32, mchezo umeisha.

#18 NgoshaMkweli
Mzee, hapo umegeuza. Omu nyingi hazili wati nyingi, zinataka *volti* nyingi. Hesabu: volti zidisha kwa volti, gawa kwa omu. Kidude cha volti 1 kikisukuma hedifoni ya omu 32 kinatoa miliwati 31. Volti hiyohiyo kwa omu 250 ni miliwati 4. Ukipata kidude cha volti 2 unafika miliwati 16, yaani mara nne. Hapo unaona kwa nini simu nyingi zenye tundu zinachezesha iafoni vizuri halafu zinalegea mbele ya hedifoni za studio.

Ila tuseme ukweli, hesabu hii haielezi shida yake. Kidude ni kilekile, laptopu inakitosha, simu haikitoshi.

#19 Mzee_wa_Omu
Nimekubali kusahihishwa. Basi simu inakinyima umeme.

#20 Luthuli254
Sidhani. Kidude kidogo vile kinakula umeme kidogo mno. Kikinyimwa kinakata au kinapasuapasua sauti kwenye besi, hakipungui kwa adabu.

Maelezo yangu ni haya: kuna sauti mbili. Moja ni ya simu, ile unayopandisha kwa kitufe. Nyingine iko ndani ya kidude chenyewe. Windows na Mac zinaigusa ile ya ndani na kuipeleka mpaka juu. Android kwa baadhi ya vidude haiigusi, inaiacha pale ilipoikuta, hata kama ni katikati. Wewe unapandisha ya simu mpaka mwisho kumbe ya ndani imekaa nusu. Adapta ya Apple ikichomekwa kwenye Android inajulikana kwa tabia hiyo. Tafuta USB Audio Player PRO, ni ya kulipia lakini si ghali, inaruhusu kuigusa sauti ya ndani moja kwa moja.

Halafu programu hiyo inapita kando ya Android yenyewe, ambayo mara nyingi hubadilisha kila kitu kuwa sampuli 48,000. Tangu Android 14 ya mwaka 2023 mlango wa kuipita uko ndani ya mfumo, ila lazima programu ya muziki iwe imeandikwa kuutumia.

#21 Kibanda_cha_Simu
Kuna la tatu. Angalia kwenye setingi za sauti kama simu ina kikomo cha sauti kimewashwa. Mara nyingi aliyekiwasha ni mtoto au ni wewe mwenyewe siku uliyobonyeza "sawa" bila kusoma.

#22 Mtoni_Kijichi
Na la nne. Simu za LG za zamani, V20 na V30, zilikuwa zinapima omu za hedifoni pale unapochomeka, zikikuta zaidi ya 50 zinaongeza nguvu zenyewe. Kuna na vidude vyenye tabia hiyo. Kama chako ni cha namna hiyo, utaratibu wa kuchomeka una maana: hedifoni iingie kwenye kidude kwanza, halafu kidude kiingie kwenye simu. Nina chenye tabia hiyo, nikikosea utaratibu sauti inakuwa kama iko chumba cha pili.

#23 Luthuli254
Hiyo ya #22 inawezekana, ila isingechagua laptopu na simu.

#24 Mtoni_Kijichi
Kwenye laptopu pengine hedifoni huwa tayari imo. Kwenye simu anachomeka kidude kwanza. Muulize.

#25 Mwanakaseti
Ni kweli! Kwenye laptopu hedifoni haitoki kwenye kidude. Kwenye simu naanza na kidude. Sijui nimwamini nani sasa, nitajaribu yote.

Niwaambie kwa nini nimeng'ang'ania. Kaseti namba 14 ina wimbo wenye mdundo fulani wa nyuma, "du… du-du… du", nimeujua tangu utoto. Nilidhani ni ngoma ya bendi. Wiki iliyopita nimesikiliza kwa hedifoni na hiki kidude, saa tano usiku, nyumba imelala. Mdundo unaendelea hata wimbo unapokwisha! Mtangazaji anaanza kuongea na wenyewe bado unapiga. Kisha unasikia mlango, na mdundo unanyamaza. Si bendi. Ni kinu. Mama alikuwa anatwanga uani.

#26 binti_Mkunazini
Nimesoma mara mbili. Allah amrehemu baba.

#27 NgoshaMkweli
Poleni na msiba wa zamani, mkuu. Lakini kwa heshima zote, hilo ni la hedifoni. DT 770 inaziba masikio, usiku umetulia, umesikiliza kwa makini. Ungechomeka kwenye tundu la kawaida la laptopu ungekisikia kinu vilevile.

#28 FundiWaya
Mimi nina swali jingine. Redio kaseti hurekodi moja kwa moja kwa ndani, sauti ya uani haiingii. Kinu kimepita wapi?

#29 Mwanakaseti
Haikuwa redio kaseti, fundi. Redio ilikuwa ya mbao, ya kizamani. Baba aliweka rekoda ndogo mbele ya spika na kutukataza kukohoa. Kila kitu cha nyumba kimo.

#30 FundiWaya
Hapo nimeridhika. Hizo kaseti ni mali, tunza na zile za asili hata ukimaliza kuhamisha. Na angalia kile kisponji kilicho nyuma ya utepe, kikianguka upande wa juu wa sauti unafifia, usije ukalaumu DAC.

#31 KarafuuMbichi
Kuhusu #27, lipo jaribio la haki. Chukua kipande cha kinu, sekunde 20. Kisikilize kwa kidude, halafu kwa tundu la laptopu, mtu mwingine akichomeka bila wewe kuona. Ila sauti ziwe sawa kabisa kwa ukubwa. Iliyozidi hata kidogo tu, sikio litasema ndiyo nzuri. Ugomvi mwingi wa amplifaya unatokana na hapo.

#32 Mswahili_Maskat
Nawasalimu kutoka Maskat. Mimi nimeachana na waya zote, natumia Bluetooth yenye LDAC (njia ya kubana sauti ipite hewani), kilobiti 990 kwa sekunde. DAC imo ndani ya hedifoni. Sina habari ya chaji wala deki.

#33 Luthuli254
990 ni pale simu iko karibu na hewa imetulia. Ukiingia penye watu wengi inashuka mpaka 660 au 330. Na lazima simu na hedifoni zote ziwe nayo. iPhone haina kabisa.

#34 Mswahili_Maskat
Sikatai. Lakini mlio wa "ziiii" sijawahi kuusikia.

#35 Dada_Nesi
Mimi nataka niseme moja tu. Mnaongelea volti na miliwati kana kwamba sikio halina mwisho. Shirika la Afya Duniani linasema desibeli 80 ni salama kwa saa 40 kwa wiki. Ukifika 90, zimebaki saa 4 kwa wiki nzima. Desibeli 10 unazisikia kama sauti imezidi mara mbili hivi, kumbe nguvu inayoingia sikioni imezidi mara kumi. Kijana anayekuja kliniki akisema masikio yanalia usiku, namuuliza hedifoni, na mara nyingi ndizo. Ukishapata kidude chenye nguvu, anza chini, panda taratibu.

#36 Mzee_wa_Omu
Nakazia #35. Langu la kushoto linalia tangu 2009, na ni kosa langu.

#37 Mwanakaseti
Wakuu nimerudi. Nimetumia Jumapili nzima.

Mlio: nimechomoa waya wa amplifaya ya sebuleni, "ziiii" imepungua kama robo tatu. Haikuisha. Nimehamia tundu la USB la upande wa pili, hakuna tofauti. Nimeazima chaji ya pini tatu za chuma, bodi bado inatekenya kidogo. Nikiwa kwenye betri, kimya kabisa.

Simu: nimechomeka hedifoni kwanza kisha kidude, sauti imepanda kidogo, au nimejidanganya. Kikomo cha sauti hakikuwashwa. Nimelipia ile programu ya #20, sauti ya ndani nikaikuta iko katikati, nikaipandisha. Tofauti kubwa sana.

Jaribio la #31: mke wangu alinichomekea mara kumi. Nimepatia saba.

#38 NgoshaMkweli
Saba kati ya kumi si ushahidi. Ukirusha shilingi mara kumi, kupata saba au zaidi hutokea karibu mara moja katika kila sita. Rudieni mara ishirini na tano.

#39 binti_Mkunazini
Na ulizozikosa je, Mwanakaseti? Ulikuwa unatafuta nini sikioni?

#40 Mwanakaseti
Kinu nilikisikia kote, Ngosha ana haki yake hapo. Nilichokuwa nakitega ni ule mlango. Kwenye tundu la laptopu kuna mchakacho, bawaba inazama humo. Nilipousikia wazi nilisema "kidude". Mara tatu nilizokosa ni pale mke wangu aliposogeza kiti.

#41 FundiWaya
Na ethi ya nyumba umeipima? Chaji ya pini tatu kwenye soketi isiyofungwa ethi ni sawa na ya pini mbili. Nyumba nyingi ile nguzo ya ethi ipo, waya umeshakatika. Usiipime mwenyewe, mwite fundi umeme.

#42 Luthuli254
Na mimi bado nasimama na USB. Robo iliyobaki ni yangu.

#43 mama_Naima
Nimerudi Aggrey, nimepata yenye chipu, inaimba. @binti_Mkunazini ubarikiwe.

Mwanakaseti, mama yupo? Umemsikilizisha?

#44 Mwanakaseti
Yupo, Korogwe. Nimetoka huko jana. Nilibeba simu na kidude, nikamvisha hedifoni akiwa amekaa kwenye mkeka, nikamwekea kaseti namba 14. Alitulia mpaka wimbo ukaisha. Nikamwambia sikia, hapo unatwanga. Akasema huyo si yeye, yeye alikuwa anatwanga asubuhi na muziki ule ulikuwa wa jioni. Kasema ni jirani anapasua kuni.

#45 KarafuuMbichi
Na mlango?

#46 Mwanakaseti
Mlango ameutambua. Kasema ule ulikuwa unalia hivyohivyo.

#47 FundiWaya
Sauti ya simu ilimtosha?

#48 Mwanakaseti
Aliniambia nipunguze.